Tusiwatume watoto wetu kutusemea uongo

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala ambao haukauki katika ukurasa huu wa barua, yaani malalamiko kuhusu kuporomoka kwa maadili ya watoto. Wengi walionitangulia wamewalaumu walimu, wengine wameilaumu simu, wengine miziki ya vigodoro, na wapo walioitaka serikali iongeze ukali. Sina nia ya kuwapinga. Nataka tu kusema kwamba katika malalamiko hayo yote mzazi hutajwa kama mtu aliyeibiwa mali yake, ilhali mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kumfundisha mtoto hicho anachokilalamikia, na alikifundisha bila kujua kwamba anafundisha.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi nilipostaafu, na sasa ninaendesha duka la rejareja hapa Ngamiani, katika mojawapo ya barabara zetu hizi zinazoitwa kwa namba. Duka limenionyesha mambo ya malezi ambayo darasani sikuyaona vizuri. Mwalimu humwona mtoto akiwa amevaa sare, amejipanga, anajua kuwa anatazamwa. Mwenye duka humwona mtoto akiwa ametumwa. Na mtoto aliyetumwa, pamoja na hela aliyoifumbata na chupa ya kutilia mafuta, huja na maneno ya nyumbani kwao kama yalivyotamkwa, kwa sauti ileile na wakati mwingine kwa matusi yaleyale.

Mengi ya maneno hayo hayana ubaya. "Mama anasema umpimie nusu ya mchele, hela ataleta jioni" ni maneno ya kawaida katika mtaa wowote wenye watu wanaoaminiana, na kukopa si dhambi. Ninayoyazungumzia ni mengine. Pale kaunta hupita mara kwa mara mwenye nyumba anayedai kodi, au mama wa kikoba anayefuatilia marejesho, naye akimwona mtoto wa mtu anayemtafuta humuuliza, "Baba yupo?" Mtoto wa miaka minne au mitano hutoa ukweli wote bila kubakiza: "Baba kasema niseme hayupo." Watu hucheka, kisa hiki kimekuwa mzaha wa mabarazani tangu zamani. Mtoto wa miaka minane hujibu kwamba baba amesafiri, lakini hulisema hilo akitazama chini na kuichezea hela mkononi. Mtoto wa miaka kumi na miwili hukutazama usoni, akakwambia baba amekwenda Korogwe msibani, akakutajia na siku atakayorudi, na wala hakuna aliyemtuma aongeze habari ya msiba. Nimewaona watoto walewale wakipita hatua zote hizo, mwaka baada ya mwaka, mbele ya mizani yangu, na sijapata kumsikia mzazi akijiuliza mwanawe alijifunzia wapi.

Mzazi huyohuyo ndiye atakayekuja siku nyingine amemshika mtoto mkono, uso umemwiva, akitaka nithibitishe kwamba mtoto alirudishiwa chenji ya shilingi mia tano, akainunulia ubuyu, kisha akasema imemwanguka njiani. Hapo uongo huwa kosa kubwa. Fimbo hutafutwa, nasaha ndefu kuhusu uaminifu hutolewa hadharani, na mtoto husikiliza akiwa na swali ambalo adabu aliyofundishwa haimruhusu kuliuliza: uongo wa asubuhi aliotumwa na uongo wa jioni alioutunga mwenyewe vinatofautiana nini, zaidi ya kwamba mmoja ulimfaa baba na wa pili ulimfaa yeye?

Msomaji asidhani kwamba haya ni maono ya mzee wa dukani tu. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California kilichopo San Diego, Marekani, Chelsea Hays na Leslie Carver, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watoto 186 wenye umri wa miaka 3 hadi 7. Baadhi ya watoto hao waliambiwa na mtu mzima kwamba katika chumba cha pili kuna bakuli kubwa la peremende, kisha mtu huyo akawaambia waziwazi kwamba hakukuwa na peremende yoyote, alisema vile ili wakubali kwenda naye kucheza. Watoto wengine hawakudanganywa. Baadaye kila mtoto alisikilizishwa sauti ya kitu cha kuchezea kilichowekwa nyuma yake, akatakiwa akitambue bila kukiona, kisha akaachwa peke yake chumbani na kuombwa asigeuke kuchungulia. Miongoni mwa watoto wa umri wa kwenda shule ambao hawakudanganywa, takriban asilimia 60 walichungulia. Miongoni mwa waliodanganywa walichungulia karibu asilimia 80. Walipoulizwa kama wamechungulia, takriban asilimia 60 ya wakosaji wa kundi la kwanza walikana, na katika kundi la waliodanganywa waliokana walikaribia asilimia 90.

Tukumbuke kwamba aliyewadanganya watoto wale alikuwa mgeni kwao, aliwadanganya mara moja, tena kwa peremende. Zaidi ya hapo, kwa wale wadogo ambao hawajafikia umri wa kwenda shule uongo ule haukuleta tofauti. Walioathirika ni wale wakubwa kidogo. Jambo hilo linalingana na ninayoyaona dukani, na linaondoa faraja ambayo wazazi wengi hujipa, kwamba mtoto akishapata akili atapambanua mwenyewe jema na baya. Huko kupambanua ndiko kunakomfanya aige, kwa sababu sasa ameelewa kwamba mtu mzima alidanganya, akapata alichokitaka, na hakuna lililompata.

Sisi wa mji huu, ambao kila mtaa una madrasa yake, hatuna udhuru wa kuuona uongo wa namna hii kuwa mdogo. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daudi, sahaba Abdallah bin Amir anasimulia kwamba alipokuwa mtoto mama yake alimwita siku moja, Mtume akiwa ameketi nyumbani kwao, akamwambia, "Njoo nikupe." Mtume akamuuliza yule mama alikusudia kumpa mwanawe kitu gani. Mama akajibu kuwa alikusudia kumpa tende. Mtume akamwambia kwamba lau asingempa chochote, angeandikiwa uongo mmoja. Nimeisikia hadithi hii ikisomwa, na nimewasikia akina mama na akina baba wakiitikia kwa kutikisa vichwa, na kesho yake asubuhi mtoto anaambiwa, "Nyamaza, nitakuletea zawadi," na mwenye kusema anajua wazi kwamba haendi mahali penye zawadi. Mtoto hungoja. Siku ya kwanza hulia, siku ya pili hununa, na baadaye haulizi tena, na mzazi hufurahi kwamba mtoto ameacha usumbufu.

Simu imeurahisisha mchezo huu. Ndani ya daladala ya kwenda Kange, baba aliyempakata mwanawe hupokea simu na kusema, "Nipo Segera, naingia Tanga sasa hivi," na mtoto huku anachungulia dirishani anaviona vibanda vilevile anavyoviona kila siku. Na ikiwa ni safari ya basi la mikoani, mtoto wa miaka saba huambiwa tangu nyumbani kwamba kondakta akimuuliza umri aseme ana mitatu, ili asikatiwe tiketi. Akikosea akasema saba, husutwa kwa ujinga. Nadhani hii ndiyo sehemu inayoniudhi kuliko zote, kwamba mtoto anaadhibiwa kwa kusema kweli, tena mbele ya abiria wanaocheka.

Wapo watakaosema kwamba mtoto achukue mema yetu na kuyaacha maovu, kwa kuwa kila mtu ana mapungufu. Ni ombi zuri, ila watoto hawakuumbwa hivyo. Mwaka 2005 Victoria Horner na Andrew Whiten wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, walitoa taarifa ya jaribio lililowahusisha sokwe wa hifadhi ya kisiwa cha Ngamba, katika Ziwa Viktoria upande wa Uganda, pamoja na watoto wa miaka 3 na 4. Walionyeshwa sanduku lenye zawadi ndani na namna ya kuitoa kwa kijiti, na katika maonyesho hayo mwonyeshaji aliingiza makusudi vitendo visivyo na faida yoyote, kama kukichomeka kijiti katika tundu la juu lisilofika penye zawadi. Sanduku lilipokuwa la kuona ndani, sokwe waliviruka vile vitendo vya bure wakaiendea zawadi moja kwa moja. Watoto wa binadamu waliviiga vyote, cha maana na kisicho na maana, hata pale walipoweza kuona kwa macho yao kwamba kitendo hakina kazi. Mimi sichukulii kwamba sokwe wana akili kuliko watoto. Nachukulia kwamba mtoto wa binadamu ameumbwa kumwamini mkubwa kiasi cha kudhani kwamba kila alifanyalo lina sababu, hata kama yeye haijui bado. Imani hiyo ndiyo inayomwezesha kujifunza lugha, kupika, kuswali na kuvua. Hawezi kuizima kila tunapokosea.

Heshima nayo tunaifundisha kwa namna hiyohiyo ya pande mbili. Hakuna mtoto wa Tanga asiyefundishwa kusema shikamoo, na akimpita mzee bila kumwamkia huitwa akarudishwa. Lakini katika nyumba hizohizo yupo dada wa kazi, msichana aliyetoka Lushoto au Handeni, anayeamka kabla ya wote na kulala baada ya wote, na ambaye mama mwenye nyumba humwita kwa kupiga makofi au kwa "wewe". Mtoto wa nyumba hiyo huja dukani akifuatana na dada huyo, na namna anavyomwamrisha abebe mfuko ni nakala kamili ya mama yake, hadi mkono uliowekwa kiunoni. Mtoto huyohuyo ananiamkia mimi vizuri sana. Amejifunza kwamba heshima hutolewa kwa mwenye duka na kwamba kuna watu ambao hawastahili kupewa, na hakuna kitabu cha shule kilichomwambia hivyo.

Kuhusu kupiga nitasema kwa ufupi, kwa kuwa ni mada inayotaka barua yake. Mwaka 1961 Albert Bandura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kujazwa upepo, kwa ngumi, kwa mateke na kwa nyundo ya mbao. Watoto walipopewa nafasi ya kucheza na mwanasesere yule walimpiga vilevile, wengine wakiyarudia hata maneno aliyoyasema mtu mzima, na wenzao waliomwona mtu mzima akicheza kwa utulivu hawakufanya hivyo kwa kiasi kile. Baba anayemchapa mwanawe kwa kosa la kumpiga mdogo wake, huku akihesabu fimbo na kusema kwamba kumpiga mtu ni vibaya, anatoa masomo mawili kwa wakati mmoja, na moja kati ya hayo mtoto atalisikia zaidi.

Na sigara je? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto sigara au pombe. Ninapomrudisha mtoto mikono mitupu, baadhi ya akina baba huja wenyewe wamekasirika na kuniambia mbele yake, "Si nilimtuma mimi? Sigara ni zangu." Sijui mtoto huyo akifika darasani na kuambiwa kwamba sheria ni ya watu wote ataelewa nini.

Maana darasani ataambiwa. Serikali haikukaa kimya katika jambo hili. Kwa miaka kadhaa wanafunzi wa darasa la tatu hadi la saba walisoma Uraia na Maadili, na mtaala ulioboreshwa, ambao utekelezaji wake ulianza Januari 2024, umekuja na somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Kama mwalimu wa zamani ninalipokea vizuri. Ninachohofia ni kwamba somo hilo litawapa wazazi sababu mpya ya kujitoa, kama ilivyotokea kwa madrasa, ambako baba humpeleka mtoto akasome sala, kisha yeye akabaki barazani na bao na kahawa mpaka adhana ya alasiri inapita. Mwalimu ana watoto wengi na muda wake una mwisho. Anaweza kumfanya mtoto aijue maana ya uadilifu na kuiandika katika mtihani. Hawezi kumwonyesha inavyofanyika pale ambapo ukweli una gharama, kwa sababu darasani ukweli hauna gharama kubwa. Wenye kodi ya kulipa, deni la kukiri, jirani wa kumwomba radhi na chenji iliyozidi ya kurudisha ni wazazi.

Nazungumzia chenji iliyozidi kwa sababu nimeiona kwa macho yangu. Siku ya sokoni, watu wakiwa wengi, ni rahisi mwenye duka kukosea hesabu, na yapo makosa ambayo sikuyajua mpaka mama fulani alipoacha shughuli zake akarudi na mwanawe, akampa mtoto ile noti ili airudishe yeye mwenyewe kwa mkono wake. Hakumhubiria, wala mimi sikumsifu sana. Mtoto yule leo ni kijana, na ndiye ninayemwachia kaunta ninapokwenda msikitini. Sidai kwamba noti ile peke yake ndiyo iliyomlea. Nataja tu kwamba nilipotafuta mtu wa kumwachia droo ya hela, jina lake ndilo lililonijia.

Biashara yetu nayo isamehewe? Hapana. Wapo wenzetu wanaozichezea mizani, na Wakala wa Vipimo hawawezi kukaa katika kila duka na kila genge. Wapo wanaojaza lumbesa, wapo wanaopanga nyanya nzuri juu na mbovu chini ya ndoo, na wote hao wana watoto wanaosaidia baada ya masomo. Mtoto anayefundishwa na baba yake wapi pa kuweka kidole kwenye mizani hafundishwi biashara tu. Siku moja atakuwa karani, nesi, askari au mhasibu wa halmashauri, na sisi tutaandika barua magazetini kulalamikia rushwa.

Kuna pingamizi moja ambalo ni la haki, nami sitaki kulipita. Watu huuliza: mbona wapo wazazi waadilifu ambao watoto wao wameharibika? Ni kweli, na vitabu vyetu vinakiri hivyo. Mwana wa Nabii Nuhu aliitwa na baba yake apande jahazi akakataa, akazama, na hakuna awezaye kusema kwamba alikosa mfano mwema nyumbani. Nabii Ibrahimu naye alilelewa na baba mwenye kuabudu masanamu, na hakuwa kama baba yake. Kwa hiyo mfano wa mzazi haumfungi mtoto. Mtoto ana hiari yake, ana marafiki wake, ana zama zake. Lakini tuangalie pia kisa cha kuhani Eli katika Biblia, ambaye wanawe Hofni na Finehasi walizidharau sadaka za hekalu. Eli hakuwa mwizi kama wao. Kosa alilohesabiwa ni kwamba aliyajua wayafanyayo wala hakuwazuia, naye alionja ule msemo wetu kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Basi sisemi kwamba mzazi aishi vizuri kisha anyamaze, akitumaini mtoto atayasoma matendo yake kimyakimya. Maneno yana mahali pake, na makatazo yana mahali pake.

Pwani hii, kwa hakika, ina fahari ya maneno ya wosia. Mwana Kupona wa Pate alimuusia binti yake kwa utenzi mwaka 1858 akiwa mgonjwa, na Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Machui hapa Tanga mwaka 1909, naye alimtungia binti yake utenzi wa nasaha. Tunawasifu na tunawasomesha watoto tenzi hizo, nami nimewasomesha. Ila binti wa Mwana Kupona hakupewa karatasi na mtu asiyemjua. Aliishi nyumba moja na mama yule, akamwona anavyosema na watumishi, na mume, na majirani, kabla ya kuupokea wosia. Tukitaka nasaha zetu ziwe na uzito kama huo hatuhitaji kujua kutunga mashairi.

Pingamizi la pili ni la umaskini, na hili nalisikia zaidi ninapokaa kaunta kuliko nilivyolisikia shuleni. Mtu husema: mimi simdanganyi mwenye nyumba kwa kupenda; sina kodi, mvua imeharibu kibarua, mashua haijatoka siku nyingi, na aibu ya kusimama mbele ya mdai ni kubwa mno. Ninaielewa aibu hiyo. Lakini nimekaa na daftari la madeni kwa muda wa kutosha kujua kwamba mdeni anayekuja mwenyewe na kusema, "Mwalimu, leo sina, nipe mpaka mwisho wa wiki," hukopeshwa tena, na yule anayejificha ndani na kumtoa mtoto mlangoni hupoteza mkopo, halafu hupoteza na mwana. Siandiki haya kumsuta maskini, kwa kuwa wenye magari nao huwaambia watoto wao wampokelee mgeni simu na kusema baba yuko bafuni. Ninaandika kwa sababu maskini ana kidogo cha kumrithisha mwanawe, na jina la kuaminika ni mojawapo ya vitu ambavyo havihitaji mtaji.

Zaidi ya hayo, kumwambia mtoto ukweli wa hali ya nyumbani hakumvunji moyo kama tunavyodhani. Mtoto wa miaka saba anaweza kuelewa, "Leo hatuna hela ya soda, nikiipata nitakwambia," na anaweza kuelewa, "Nilikuahidi tutakwenda Raskazone Jumapili lakini nimepata kazi, kwa hiyo nimevunja ahadi, naomba radhi." Wazee wengi huona kumwomba mtoto radhi ni kujishusha. Mimi naona ni mahali pekee ambapo mtoto anaweza kujifunza kuomba radhi, maana kwa kulazimishwa atajifunza kutamka neno tu. Bibi na babu wanaolea wajukuu ambao wazazi wao wapo Dar es Salaam au baharini wanalibeba jukumu hilohilo, na kwa uzoefu wangu wengi wao wanalibeba vizuri kuliko sisi tuliowazaa.

Nimalizie na jambo moja linalotuhusu sisi tulio upande wa pili wa kaunta, kwa sababu lawama zote zisimwendee mzazi. Mtoto hawezi kutumwa kusema "baba hayupo" kama hakuna mtu mzima anayekwenda kumuuliza mtoto. Wenye maduka, wenye nyumba, akina mama wa vikoba na wakusanyaji wa michango ya harusi, sisi ndio tunaowaweka watoto katika mtihani huo, tena mara nyingi makusudi, tukijua kwamba mtoto ataropoka. Dukani kwangu daftari halisomwi mbele ya mtoto, na mtoto haambiwi "kamwambie mama yako anadaiwa". Anapimiwa alichotumwa, au anaambiwa kwa upole kwamba mama aje mwenyewe. Nawaomba wenzangu wa Ngamiani, Makorora, Mabawa na kwingineko wafanye hivyo. Mwenye nyumba anayeitaka kodi yake anayo namba ya simu ya mpangaji wake.

Mwalimu mstaafu na mwenye duka,
Ngamiani, Tanga.